Babu mwenye meno ya kitana: historia fupi ya mistari ya TV

Najua nimepotea wiki tatu nzima. Kulikuwa na test mbili, kazi ya kundi ambayo kundi lilikuwa mimi na rum-meti tu, na boom nalo limechelewa kama kawaida yake. Leo Jumapili hosteli imetulia, nimefua, nimekula wali maharage, nimekaa. Naomba niwape historia. Ndiyo, historia, si ndiyo nitakayofundisha nikimaliza hapa? Lakini ya leo si ya Vita vya Majimaji wala Mkutano wa Berlin. Ni historia ya mistari ya televisheni, na imeanza na ugomvi wa nyumbani kwetu.

Ni hivi. Nyumbani tuna mkanda mmoja wa VHS wa harusi ya wazazi wangu, mwaka 1999. Humo ndani yumo babu mzaa baba akitoa nasaha kwa maharusi, kasimama na mkongojo wake, mkono mmoja unapiga hewa kila akisisitiza neno. Babu alifariki mimi nikiwa mdogo sana. Picha za mnato zake zipo, lakini akitembea na kuongea, ni hapo tu. Deki ilikufa zamani, kwa hiyo baba akaupeleka mkanda kwa fundi mmoja wa mtaani auhamishe kwenye flashi. Akalipa, akaja nayo, tukaichomeka kwenye ile TV flati ya sebuleni. Wadau, kila babu akipunga mkono, mkono unaota meno! Yaani mistari mistari ya ulalo, kama vitana viwili vimepachikana vibaya. Akisimama kimya, picha safi kabisa. Akitikisika tu, meno.

Baba alinuna. Akasema fundi kaharibu mkanda. Na mimi msomi wa familia, nikiwa likizo, nikaulizwa, nikajibu kwa kujiamini kabisa: ndiyo baba, huyu kaharibu, mashine yake mbovu. Baba akampigia simu, maneno yakatoka ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nimerudi chuo nikaanza kusoma jambo hili kwa sababu lilinikera. Nilichokikuta ndicho nawaletea, na mwishoni mtaona kwa nini nilibaki na aibu.

Turudi nyuma hadi miaka ya 1930. Televisheni ya zamani, hii tunayoiita ya chogo, ilikuwa haichori picha yote kwa mkupuo. Ndani kuna mwale unaopiga kioo kutoka nyuma, unachora mstari mmoja kushoto kwenda kulia, kisha wa chini yake, hivyo hivyo mpaka chini. Mng'ao wa kila mstari unafifia haraka. Sasa wahandisi wakakutana na tatizo. Ukichora picha 25 kwa sekunde, mwendo unaonekana vizuri, lakini kioo kinapepesa, macho yanauma. Ukichora picha nzima 50 kwa sekunde, kupepesa kunapungua sana, ila unahitaji nafasi hewani mara mbili. Nafasi ya masafa ni kama ardhi ya Kariakoo, haiongezeki.

Ujanja uliopatikana ni huu: usichore mistari yote. Chora kwanza ya witiri, wa 1, wa 3, wa 5, mpaka chini. Halafu rudi juu uchore ya shufwa, wa 2, wa 4, wa 6, katikati ya ile ya kwanza. Kioo kinawaka mara 50 kwa sekunde, jicho linaridhika, lakini hewani umetuma picha kamili 25 tu. Huko Ujerumani Fritz Schröter wa Telefunken alikuwa na hataza ya wazo hilo mwaka 1930, na Marekani Randall Ballard wa RCA aliomba ya kwake mwaka 1932. Kwa Kiswahili changu mimi nitaita mistari ya kupokezana, na kila fungu la mistari nitaliita nusu-picha. Ile nyingine, ya kuchora yote kwa mpangilio bila kuruka, nitaiita ya mfululizo. Shikeni maneno haya mawili, ndiyo mtihani wenyewe.

Pambano la kwanza la hadharani kati ya mifumo hii miwili lilikuwa London. Tarehe 2 Novemba 1936 BBC ilianza matangazo ya kawaida kutoka Alexandra Palace, ikitumia mifumo miwili kwa zamu, wiki hii huu, wiki ijayo ule. Mmoja ulikuwa wa John Logie Baird, mistari 240 ya mfululizo, picha 25 kwa sekunde. Wa pili ulikuwa wa Marconi-EMI chini ya Isaac Shoenberg, mistari 405 ya kupokezana. Baird alikuwa na shida yake: sehemu kubwa ya kazi studio ilibidi ipigwe kwanza kwenye filamu, isafishwe hapo hapo kwa dawa, ndipo isomwe na mashine. EMI walikuwa na kamera ya elektroniki moja kwa moja. Mapema mwaka 1937 Baird akaachwa. Mistari 405 ikabaki Uingereza mpaka Januari 1985.

Kilichonichekesha ni hiki. Huduma ile ya 1936 iliitwa rasmi ya "ubora wa juu". Maana yake wakati huo ilikuwa mistari 240 na kuendelea. Kwa hiyo neno HD ambalo dukani wanatuuzia kama jipya, bibi zetu walikuwa hawajazaliwa tayari lipo.

Kutoka hapo kupokezana kukawa sheria ya dunia. Marekani mwaka 1941 wakaweka mistari 525, nusu-picha 60 kwa sekunde. Ulaya baada ya vita wakaja na 625, nusu-picha 50. Zote hizo, pamoja na ile 819 ya Ufaransa, ni namba witiri, na si bahati. Mistari ikiwa witiri, kila nusu-picha inaishia na nusu ya mstari, na ndiyo inayofanya fungu la pili liangukie katikati ya la kwanza lenyewe. Huku kwetu tuliingia kwenye ukoo wa 625 wa Ulaya: Zanzibar mwaka 1973, tena moja kwa moja na rangi, na Tanzania Bara mwaka 1994 vituo binafsi vilipoanza. Mkanda wa harusi ya wazazi wangu ni wa ukoo huo huo. Nusu-picha 50 kila sekunde. Kumbukeni hilo.

Sasa tuje kwenye HD yenyewe. Wajapani wa NHK walianza utafiti mwaka 1964, mwaka ule ule wa Olimpiki ya Tokyo. Hawakutaka kuongeza mistari kidogo, walitaka mtazamaji ajione kama yuko pale. Wakafika mistari 1125, kioo kipana, lakini kupokezana wakakubakiza, nusu-picha 60. Mwaka 1981 waliwaonyesha Wamarekani, na watu wakaduwaa. Mwaka 1986 kwenye mkutano wa Dubrovnik walitaka iwe kanuni ya dunia nzima. Wazungu wa Ulaya wakagoma, wakaona viwanda vyao vitakufa, wakaanzisha mradi wao wa HD-MAC. Ule wa Ulaya ulionyeshwa kwenye Olimpiki za mwaka 1992 na ukazikwa mwaka uliofuata. Wa Japani ulikwenda hewani kwa setilaiti, na toka mwaka 1991 ukarusha saa nane kwa siku, lakini ulikuwa wa analogia, na analogia ilikuwa inahesabu siku zake.

Aliyeichimbia kaburi ni kampuni ya General Instrument ya Marekani. Kule tume ya mawasiliano, FCC, ilikuwa imeunda kamati mwaka 1987 chini ya Richard Wiley kutafuta televisheni mpya. Mwaka 1990 General Instrument wakasema wao wanaweza kutuma HD yote kwa dijitali, ndani ya chaneli ile ile ya kawaida ya megahezi 6. Jamani, HD ghafi ni zaidi ya gigabiti moja kwa sekunde, na chaneli ile mwishowe ilikubali megabiti 19 na ushee tu. Maana yake ukamue mara hamsini na zaidi. Watu hawakuamini, lakini ndani ya muda mfupi washindani wengine nao wakahamia dijitali.

Mwaka 1993 kamati ikakuta mifumo minne ya dijitali, hakuna mshindi wa wazi. Washindani wakaambiwa bora muungane. Mei 1993 wakaungana: AT&T, General Instrument, MIT, Philips, Sarnoff, Thomson na Zenith. Muungano ukaitwa Muungano Mkuu. Na ndani ya ndoa hiyo ugomvi mkubwa ulikuwa ule ule wa Alexandra Palace miaka karibu 60 iliyopita: kupokezana au mfululizo?

Upande mmoja walisema mfululizo. Dijitali imekuja, kompyuta zinakuja, herufi ndogo kwenye kioo cha kupokezana zinatetemeka, na ile sababu ya zamani ya kubana masafa sasa inafanywa na hesabu za ukamuaji. Upande wa pili walisema kamera na mitambo ya HD iliyopo studio ni ya kupokezana, na bila kupokezana huwezi kupata mistari 1080 ndani ya megahezi 6 kwa teknolojia ya wakati ule.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawa waliwekwa zizi moja. Kanuni ya ATSC ya mwaka 1995 iliorodhesha miundo 18, na miwili ndiyo ya HD iliyopata nguvu: 1080i na 720p. Ile i ni kupokezana, ile p ni mfululizo. Kampuni za kompyuta bado zikapinga, zikiwemo Microsoft na Apple, na FCC ilipopitisha kanuni Desemba 1996 iliamua kutolazimisha muundo wowote. Kila kituo kichague chenyewe.

Hebu tupige hesabu, msiogope, hata mimi ni mtu wa arts. 1080i ina vitone 1920 kwa 1080, jumla 2,073,600. Lakini unapata picha kamili 30 kwa sekunde, tena kwa vipande viwili viwili, kwa hiyo ni vitone 62,208,000 kila sekunde. 720p ina 1280 kwa 720, yaani 921,600, lakini nzima nzima mara 60, jumla 55,296,000. Mnaona? Hazipishani sana. Moja imenunua undani, nyingine imenunua mwendo. CBS na NBC wakachukua 1080i. ABC wakachukua 720p, na ESPN pia, kwa sababu mpira na mbio zinataka mwendo. Fox walichelewa, wakaingia 720p mwaka 2004. Ulaya nako umoja wa vituo vya utangazaji ulipendekeza mfululizo mwaka 2004. ARD na ZDF za Ujerumani zilipoanza HD rasmi mwaka 2010 zikafuata 720p, wakati BBC na Sky walikwenda na 1080i. Tukio la kwanza kubwa Marekani lilikuwa tarehe 29 Oktoba 1998, mzee John Glenn wa miaka 77 akirushwa angani, na vituo kadhaa vikaonyesha kwa HD.

Mpaka hapo waliokuwa wanagombana ni wakubwa. Sasa angalieni mzigo ulivyoshushwa kwa mtu wa nyumbani.

Runinga ya chogo haikuwa na tatizo na kupokezana, ilizaliwa nayo. Nusu-picha inakuja, inachorwa, inafifia, ya pili inakuja. Lakini plazma na LCD hazina mwale. Kioo flati kinawasha vitone vyote pamoja, kinataka picha nzima kila mara. Ukikiletea nusu-picha, lazima mtu aijaze ile nusu iliyokosekana. Huyo mtu ni chipu ndogo ndani ya TV yako au kwenye king'amuzi. Miaka ile ile ambayo dunia ilihamia HD ndiyo miaka ambayo dunia ilitupa chogo. Yaani tulichagua muundo wa chogo, halafu tukaitupa chogo yenyewe!

Chipu ina njia kadhaa. Ya kwanza ni kufuma: chukua nusu-picha mbili, zipachike kama ukili, mstari wa huyu, mstari wa yule. Kitu kikiwa kimetulia, unapata picha kamili, safi. Lakini nusu-picha hizo zilipigwa kwa nyakati mbili, zimeachana sehemu moja ya 50 au ya 60 ya sekunde. Mpira ukiwa unaruka, mistari ya witiri inauona hapa, ya shufwa inauona pale mbele. Ukizifuma, meno ya kitana. Mmeshaanza kunusa kitu?

Njia ya pili ni kurudufu: chukua nusu-picha moja peke yake, kila mstari ujaze na jirani yake. Meno hakuna, lakini umebaki na mistari 540 tu ya kweli, na vitu vyembamba vya ulalo, kama kamba za nyavu za goli, vinachezacheza. TV kadhaa za mwanzo zilizouzwa kwa jina la HD zilifanya hivyo hivyo kwa 1080i. Mtu kalipia mistari 1080, chipu inampa 540, na hajui.

Ya tatu ni kuangalia kitone kwa kitone: hapa pametulia, fuma, hapa panatembea, rudufu. Ya nne, ya gharama zaidi, inafuatilia kitu kimetoka wapi kinakwenda wapi, inakisogeza ndipo inafuma. Aliyejulikana sana kwa kazi hizi ni Yves Faroudja. Vifaa vyake vya kuongeza mistari vilikuwa vya matajiri kwanza, baadaye ujuzi ukaingia kwenye chipu za kawaida. Moja ya mambo yaliyompa jina ni kuitambua filamu. Sinema inapigwa picha 24 kwa sekunde. Ili zifike 60 za Marekani, picha moja inarudiwa kwenye nusu-picha tatu, inayofuata mbili, tatu, mbili. 12 mara 3 ni 36, 12 mara 2 ni 24, jumla 60. Chipu ikiugundua mdundo huo, inajua nusu-picha zipi ni za picha moja, inazirudisha pamoja bila kupoteza kitu.

Huo ukoo wa kupokezana umefikia mwisho wapi? Mwaka 2012 pendekezo la kimataifa la televisheni ya ubora wa juu zaidi, hizi za 4K na 8K, liliandikwa bila kupokezana kabisa. Mfululizo peke yake. Miaka themanini hivi tangu Ballard aombe hataza. Na bado 1080i haijafa, vituo vingi duniani vinairusha hadi leo, na chipu za majumbani zinaendelea kuhangaika kila usiku.

Sasa nirudi kwa babu. Usiku mmoja wiki iliyopita nilifungua lile faili kwenye laptop ya rum-meti. Nikalisimamisha pale mkono umepanda. Nikahesabu: mstari wa kwanza mkono hapa, wa pili mkono mbele kidogo, wa tatu umerudi hapa. Ilikuwa nusu-picha mbili zimefumwa. Fundi hakuharibu chochote. Alihamisha kila kitu kama kilivyokuwa kwenye mkanda, ila faili halikuwa na alama ya kuiambia TV kwamba hii ni ya kupokezana, TV ikadhani ni picha nzima ikaionyesha hivyo hivyo. Nikaenda kwenye menyu ya programu ya kuchezea video, nikawasha ile sehemu ya kutenganisha mistari, nikachagua itoe picha 50 kwa sekunde.

Meno yakaondoka. Mkono wa babu ukapanda na kushuka laini kabisa. Rum-meti akasema, "Mbona anapunga kama wewe ukibishana?" Nikanyamaza. Sikuwa nimewahi kujua.

Na fikirini, kama fundi angetaka kutufurahisha siku ile ile, angetupa nusu moja ya mistari, picha ingekuwa nzuri machoni, na nusu ya nyakati za babu zingepotea kwenye faili lile. Yale meno tuliyomtukania ndiyo yalikuwa ushahidi kwamba hajapoteza hata mstari.

Nilimpigia simu jana. Nikamwambia, shikamoo kaka, ni mimi mtoto wa yule mzee wa mkanda wa harusi. Kimya kidogo. Nikamwomba radhi, nikamweleza. Akacheka, akasema, "Mdogo wangu, mimi nilimwambia mzee TV ndiyo haisomi vizuri, hakunisikia." Kumbe alisema. Hatukumsikia kwa sababu mimi msomi nilishatoa hukumu. Baba naye nimemweleza. Amesema atampitia mwenyewe dukani, na namfahamu baba, kwake hilo si neno dogo.

Mwakani naenda tena BTP. Mwanafunzi akiniuliza jambo nisilolijua, nimejiapiza nitasema sijui, nipe mpaka kesho. Ni gharama ndogo kuliko niliyomlipisha yule fundi.

Haya wadau, niishie hapa, taa za koridoni zimezimwa na kesho nina semina saa moja asubuhi. Wenye mikanda ya zamani nyumbani, hamisheni mapema kabla haijaliwa na ukungu, na mkiona meno msimtukane mtu. Nawasilisha. Alamsiki.